Miaka mitatu nipo kyu 9. Hivi sisi wachezaji wa kujifurahisha tunataka kupanda kweli?

#1 KeteYaMwisho (Dar es Salaam)

Wakuu salaam. Nina swali linanisumbua tangu mwezi uliopita.

Huu ni mwaka wangu wa nne kwenye Go. Mwaka wa kwanza nilipanda haraka sana: kyu 25, kyu 18, kyu 12, nikafika kyu 9 kwenye OGS, ile seva ya kuchezea mtandaoni. Hapo nikagota. Miaka mitatu! Nashuka hadi 10, wiki moja nagusa 8, narudi 9. Nikiulizwa lengo langu nasema dani 1, na nasema kutoka moyoni.

Juzi nikaamua kuandika kila nilichofanya kwenye Go kwa wiki nzima. Michezo 31, karibu yote ya dakika tano tano. Michezo niliyorudi kuitazama baada ya kufungwa: miwili. Tsumego, yaani mafumbo ya kuua na kuokoa makundi ya mawe, nilizotatua: hakuna hata moja.

Mtu anayeitaka dani 1 ndivyo anavyoishi? Au hii dani 1 ni kitu ninachokitamka kwa sababu kila mtu anakitamka? Naomba kila mmoja aseme ukweli wake. Upo ngazi gani, unalenga wapi, na wiki iliyopita ulifanya nini kwa ajili ya hilo lengo? Na kama umekwama kama mimi, unadhani umekwamishwa na nini?

#2 Dada_Tsumego (Nakuru)

Jibu umeshajipa mwenyewe. Tsumego hakuna hata moja.

Niko kyu 2. Kila asubuhi ndani ya matatu natatua ishirini, zile rahisi za kuua na kuokoa kundi la kona. Nikishindwa moja, sifungui jibu hadi jioni, nashinda nayo kichwani kazini. Nilitoka kyu 8 hadi kyu 2 kwa miezi 14 na hakuna kingine nilichobadilisha. Usipoona mapema kwamba kundi lako limebaki na jicho moja, yaani litakufa, hiyo mipango yako ya katikati ya ubao haina miguu.

#3 Kimbi_na_Kichwa (Mombasa)

Dada leo umeamka na bakora. Mimi kyu 14, lengo langu ni shemeji yangu. Wiki iliyopita nilimfunga mara mbili mbele ya watoto wake. Nina furaha hadi Idi.

#4 Sumbawanga_Moja

Samahani wadau, nimeona kyu na dani nikadhani ni uzi wa karate. Go ndiyo nini?

#5 MwalimuMstaafu (Arusha)

Karibu kijana. Ni ubao wa mistari 19 kwa 19, makutano 361. Mweusi anaanza, mweupe anafuata, na jiwe likishawekwa halihamishwi. Kila jiwe lina pumzi, yaani makutano matupu yanayogusana nalo. Likizibwa pumzi zote linaondolewa. Mwisho aliyezungushia eneo kubwa ndiye mshindi. Sheria unazimaliza kwa dakika kumi.

Ngazi zinaanza kyu 30 zinahesabiwa kurudi nyuma hadi kyu 1, kisha dani 1 kwenda juu. Tofauti ya ngazi moja ni jiwe moja la kutangulia. Kyu 9 akikutana na Dada_Tsumego ataweka mawe 7 kwanza, na hapo wote wawili wana nafasi ya kushinda. Kwa hiyo watu wakitaja ngazi zao usidhani wanajisifu. Bila kuijua ngazi huwezi kupanga mchezo wa haki.

Nikirudi kwa KeteYaMwisho: nina miaka 63, kyu 11, nacheza zaidi ubao mdogo wa 9 kwa 9. Nataka siku moja nimalize mchezo nikiwa nimeelewa kila jiwe nililoweka. Bado haijatokea. Lengo la namba sina na sijawahi kulitafuta.

#6 Ilala_Mhandisi (Dar es Salaam)

Nakubaliana na Dada kwa nusu. Tsumego zinanoa macho, lakini hazikuambii wewe binafsi unakosea wapi. Tangu AlphaGo, programu ya kompyuta, imfunge bingwa Lee Sedol 5-0 kisingizio cha kukosa mwalimu kimekwisha. KataGo, programu ya kucheza na kuchambua Go, ni ya bure, msimbo wake upo wazi tangu 2019. Unamaliza mchezo, unauweka humo, inakuonyesha: jiwe la 64 umepoteza alama 12. Mwalimu gani wa binadamu anakaa na wewe saa tano usiku akakuambia hivyo?

Mimi kyu 5. Mtu anayelalamika kukwama na hajawahi kuchambua mchezo wake kwa programu amechagua mwenyewe kukaa alipo.

#7 NagoyaNipo

Mhandisi, marekebisho kidogo. Lee Sedol alifungwa 4-1, Seoul, Machi 2016. Aliyefungwa 5-0 ni Fan Hui, bingwa wa Ulaya, Oktoba 2015. Mchezo wa nne Lee Sedol alishinda, na lile jiwe lake la 78 watu bado wanalisoma hadi leo. Ushindi ule aliutolea jasho, tusimnyang'anye.

Kuhusu swali. Mimi kyu 4, nipo huku Japani mwaka wa tano, nafanya kazi kiwandani. Jumamosi naenda ukumbi wa Go, chumba kimoja juu ya duka la tambi, mbao kumi na mbili, wazee watupu na watoto wawili watatu. Kuna mzee pale ana cheti cha dani 6 cha Nihon Ki-in, chama cha Go cha Japani. Siku moja alifungwa na mtoto wa darasa la tatu. Nikadhani atanyanyuka ajiendee. Akafuta ubao, akaanza kuupanga mchezo upya kutoka jiwe la kwanza, kwa kichwa tu. Jiwe la 40, la 80, la 120. Akipotea kidogo mtoto anamsahihisha. Walipofika jiwe la mia na thelathini na kitu wote wawili wakasimama. Mzee akaligusa jiwe moja jeusi kwa ncha ya kidole, mtoto akalichukua akaliweka mstari mmoja chini, wakabaki hapo robo saa nzima.

Nikamwuliza anakariri vipi. Akaniambia hakariri. Kila jiwe lina sababu na sababu inaivuta nyingine. Linalopotea kichwani ni lile uliloweka bila sababu.

Tangu siku ile nikimaliza mchezo najaribu kuupanga bila kutazama rekodi. Mwanzo nilikuwa nakwama jiwe la 20. Sasa nafika 90. Nilitoka kyu 9 kwa njia hiyo, na KataGo nilikuwa sijaiweka bado kwenye kompyuta.

#8 Ilala_Mhandisi

4-1, asante, umenishika. Ke Jie, bingwa wa Uchina, ndiye alipigwa 3-0, Wuzhen, Mei 2017. Hoja yangu inabaki palepale.

#9 KeteYaMwisho

NagoyaNipo, nimejaribu jana usiku. Mchezo wa dakika tano, nimeshinda, kisha nikachukua ubao wa karatasi na vifuniko vya soda. Nimekumbuka mawe 23. Baada ya hapo ni giza. Na ni mchezo niliomaliza dakika hiyohiyo! Hii imenigusa kuliko yote mliyosema.

Mhandisi, KataGo ninayo. Tatizo langu nayo ni hili. Tangu AlphaGo watu wote wanavamia kona mapema kwa jiwe la 3-3, yaani pale mstari wa tatu unapokutana na wa tatu, zamani vitabu vilikuwa vinakataza. Nikaona programu inalipenda, na mimi nikawa navamia. Napata kona yangu ndogo, alama kama nane hivi, mpinzani anapata ukuta mrefu unaotazama katikati. KataGo inasema hali ni sawa. Kwake ni sawa kwa sababu inajua kuufanya ule ukuta usiwe na kazi. Mimi sijui. Mawe 60 baadaye kundi langu linakimbia kutoka ukuta mmoja hadi mwingine kama mbuzi aliyekata kamba.

Yaani naambiwa jiwe ni zuri, siambiwi zuri kwa nani.

#10 Tukuyu_Rhein (Ujerumani)

KeteYaMwisho, hapo kwenye mbuzi umeeleza kitu ambacho klabu yetu imekijadili miaka mingi.

Mimi ni dani 1 ya Ulaya. Nasema "ya Ulaya" kwa makusudi, maana ngazi hazilingani. Kwenye orodha ya Ulaya alama 2100 ndiyo dani 1 na kila ngazi ni alama 100, kwa hiyo kyu 9 ni 1200. Kwenye Fox, seva ya Kichina, ngazi za juu huwa zinakuwa kubwa kuliko za hapa Ulaya. Kwa hiyo mtu akisema "nataka dani 1" kwanza aseme dani 1 ya wapi.

Nilikwama kyu 6 miaka minne. Tsumego nilikuwa nafanya, Dada, tena kila siku. Kilichonikwamua ni kuhamia mji wenye klabu. Jumanne, chumba cha nyuma cha mgahawa, watu saba, wawili kati yao dani 4. Ukiweka jiwe la hovyo mtu hakuambii kitu, anakutazama tu usoni halafu anarudi ubaoni. Lile jicho limenifundisha kuliko kitabu.

Pia niwaambie nilichokiona kwenye Kongamano la Go la Ulaya. Linafanyika karibu kila kiangazi tangu 1957, wiki mbili. Pale utakutana na watu walioanza kabla sijazaliwa na wapo kyu 5 hadi leo. Wanatumia likizo yao yote ya mwaka kuja kucheza raundi kumi. Ukiwauliza watakuambia wanataka kupanda. Na ukiwatazama wanavyocheza, saa mbili na nusu kila mmoja kainama ubaoni, huwezi kusema wanadanganya. Mimi siamini kwamba kutopanda ni dalili ya kutotaka.

#11 Mpwa_wa_Baraza (Unguja)

Nimesoma yote. Mnazunguka mbuyu.

Mimi ni mtu wa bao, Go nimejifunza baadaye, kyu 10. Kwetu barazani hakuna kyu wala dani. Kuna ubao mmoja, mashimo 32, kete 64, na watu kumi wanasubiri. Anayefungwa anapisha. Basi! Ukifungwa namua, ile hatua ya kwanza ya mchezo, haijaisha, kete bado zimejaa mkononi, unanyanyuka na watu wanakuona, na zamu yako nyingine ni baada ya saa nzima. Hiyo saa nzima unafanya nini? Unatazama. Unamtazama aliyekufunga anavyomfunga mwingine. Unabishana na waliokaa pembeni kwamba pale angetakata (angecheza bila kula) kushoto.

Kwenye seva ukifungwa unabonyeza, mpinzani mwingine yupo tayari. Hupishi mtu. Hukai kutazama. Michezo 31 kwa wiki! Barazani ungepata michezo sita na ungetazama arobaini. Hicho ndicho kimemkwamisha ndugu yetu, si tsumego wala roboti.

#12 Kimbi_na_Kichwa

Watu wa Unguja hata wakiumwa jino dawa ni bao. Lakini hapa amesema kweli, nimekaa sana kwenye hizo baraza. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mtu wa bao.

#13 Tukuyu_Rhein

Mpwa, kuna Mholanzi, Alexander de Voogt, aliwatafiti mabingwa wa bao wa Zanzibar akapata shahada ya uzamivu Leiden mwaka 1995. Alitaka kujua kichwa cha bingwa kinafika wapi kwenye kuhesabu. Swali lenu la barazani lilishafika chuo kikuu zamani.

#14 Mpwa_wa_Baraza

Nimewahi kusikia habari zake. Na mabingwa hao hakuna aliyefundishwa darasani, ni kupisha na kutazama.

#15 Dada_Tsumego

Mpwa, naomba nikuulize kwa heshima. Hapo barazani kwenu mimi ningekaa wapi?

Maana hii habari ya "anayefungwa anapisha" ni nzuri kwa anayeruhusiwa kukaa. Babu yangu mzaa mama alikuwa na ubao wa ajua, ndugu yake bao, nyumbani. Kaka zangu walicheza, mimi nilipeleka chai. Nilijifunza kwa kusimama na sinia mlangoni muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Go niliipenda kwa sababu kwenye seva hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Niliingia, nikaweka jiwe, nikapigwa, nikaweka tena. Michezo mia ya kwanza nilipigwa karibu yote na hakuna aliyenicheka.

Mnaongea kama aibu inamfundisha kila mtu. Wengine inawafukuza.

#16 Mpwa_wa_Baraza

Dada yangu, hapo sina ubishi. Nina dada mkubwa, anajua bao kuliko mimi, na hajawahi kukaa kwenye baraza ya nje hata siku moja. Anacheza ndani na wanangu. Sikuwahi kulifikiria hivyo. Samahani.

Ila bado nasema kutazama kunafundisha. Na wewe pale mlangoni na sinia ulikuwa unatazama.

#17 Dada_Tsumego

Hilo nakupa. Tumeelewana.

#18 Goma_Mtulivu

Jambo kwenu wote. Nasoma tangu jana, umeme ulikatika.

Niko kyu 7 na nina mwaka mmoja na nusu sijacheza mchezo hata mmoja wa kuhesabiwa ngazi. Nilipofika kyu 7 niliogopa kuipoteza. Nikawa nacheza michezo isiyohesabiwa tu. Halafu hata hiyo nikaanza kuchagua wapinzani dhaifu. Sikujua nafanya hivyo hadi rafiki yangu wa Bukavu akaniuliza mbona hutaki kucheza nami tena. Yeye ni kyu 3.

Kwa hiyo mimi nikisema nataka kupanda ni uongo? Nadhani nataka sana. Nataka hadi naogopa. Namba ile niliipata wakati mgumu wa maisha yetu hapa, ilikuwa kitu changu peke yangu, na sikutaka mtu aiguse. Wengine wanakwama kwa uvivu, wengine kwa michezo ya haraka. Mimi nimekwama kwa kuilinda.

#19 NagoyaNipo

Goma, asante kwa kusema hili. Sitaongeza kitu.

#20 MwalimuMstaafu

Goma_Mtulivu, mwanangu, mchezeshe huyo wa Bukavu. Weka mawe yako 4 na ucheze. Ngazi ikishuka, uliyojifunza hayashuki nayo.

Nina jambo pia juu ya umri, maana hamjaligusa na najua wengi mnalifikiria. Vijana huwa wananiambia mwalimu wewe umechelewa. Fujisawa Hideyuki alikuwa anashikilia taji la Oza la Japani mwaka 1992 akiwa na miaka 67. Sitaki kusikia habari ya kuchelewa.

#21 Ilala_Mhandisi

Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, Fujisawa alikuwa kwenye Go ya kulipwa tangu ujana wake. Alikuwa anatunza alichokwisha jenga. Kujenga ukubwani ni kazi nyingine. Cho Chikun alipelekwa Japani ana miaka sita, akawa mchezaji wa kulipwa ana miaka 11. Nakamura Sumire alianza kulipwa Aprili 2019 ana miaka 10. Hawa walikuwa wanahesabu pumzi wakati sisi tunajifunza kuhesabu vidole. Lazima tukubali umri una sehemu yake, la sivyo tutakuwa tunajilaumu bure.

#22 MwalimuMstaafu

Marahaba. Hao unaowataja walilenga taji. KeteYaMwisho analenga dani 1 ya kwenye seva. Nimefundisha hesabu miaka 34, nimeona mtu mzima wa miaka 40 akijifunza logi kwa ajili ya mtihani wa watu wazima. Alichelewa kuliko watoto, na alifika. Umri unapunguza mwendo. Tofauti kati ya kupunguza mwendo na kufunga barabara ni kubwa sana.

#23 Kimbi_na_Kichwa

Mhandisi kapigwa logi. Mweupe kajisalimisha.

#24 Sumbawanga_Moja

Wadau mimi tena. Nimejifungulia akaunti juzi usiku. Nimecheza tisa kwa tisa mara 26, nimefungwa 25. Huo mmoja niliofunga mpinzani alipotea, nadhani bando lilimwishia. Nimelala saa nane. Hii kitu imeniingia. Swali: naanza kusoma nini?

#25 Tukuyu_Rhein

Usisome kitu. Wachezaji wa Go wana usemi wao: fungwa michezo yako mia ya kwanza haraka iwezekanavyo. Zimebaki 75.

#26 Dada_Tsumego

Na tano za tsumego kila siku. Tano tu. Usimsikilize.

#27 Ilala_Mhandisi

Niongeze jambo ambalo naona lina uzito, hata kama linanipinga mwenyewe. Mwaka 2023 Kellin Pelrine, mchezaji wa ridhaa wa Marekani, aliifunga programu ya KataGo michezo 14 kati ya 15. Peke yake, bila msaada wa kompyuta wakati anacheza. Mbinu yenyewe iligunduliwa na programu nyingine iliyokuwa inatafuta udhaifu: unalizungushia kundi la adui duara kubwa polepole huku unamshughulisha kwenye kona nyingine, na KataGo haioni kwamba kundi lake limekufa hadi jiwe la mwisho. Mtoto wa kyu 10 angeliona.

Nimelifikiria wiki nzima. Kitu kinachotushinda sote kwa mbali kina shimo ambalo sisi hatuna. Kwa hiyo KeteYaMwisho alipouliza "zuri kwa nani" sikumjibu vizuri. Tangu 2024 KataGo ina modeli iliyofunzwa kwa michezo ya binadamu, unaweza kuiambia icheze kama mtu wa kyu 9 au dani 1. Mimi sasa naitumia kuangalia: mtu wa ngazi moja juu yangu angeweka wapi hapa? Mara nyingi si pale pa jiwe bora kabisa. Ni pahala pa kawaida tu ambapo mimi sikupaona.

#28 NagoyaNipo

Hii nzuri. Nitaijaribu. Ila mzee wangu wa ukumbini angesema umemtafuta mtoto wa darasa la tatu kwa njia ndefu.

#29 KeteYaMwisho

Wakuu, narudi na mrejesho. Wiki mbili zimepita.

Nimefanya hivi. Tsumego kumi kwa siku, jumla 140, nimekosa 51. Michezo ya haraka nimeacha kabisa. Michezo ya saa moja nimecheza sita tu, na kila mmoja nimeupanga upya na vifuniko vya soda kabla sijafungua programu. Mara ya mwisho nimefika jiwe la 58. Na nimekaa kutazama michezo ya watu wa dani 3 jioni nne, kama barazani, bila kucheza.

Matokeo: nipo kyu 10. Nimefungwa minne kati ya sita.

Sina huzuni ila nimechanganyikiwa. Kwenye mchezo wa tano nililiona kundi langu la kona limekufa mawe manane kabla halijafa, kitu ambacho sijawahi kukiona maishani. Nikaliacha, nikacheza pengine, nikawa mbele kwa alama kama tano. Halafu nikapoteza mchezo mwishoni kabisa kwenye kufunga mipaka, alama moja moja, sita saba zikaondoka nikiwa naangalia. Sasa niambieni, nimepanda au nimeshuka?

#30 Dada_Tsumego

Umepanda. Ngazi itakuja baadaye. Mimi nilishuka mbili kabla ya kupanda sita.

#31 Ilala_Mhandisi

Michezo sita haitoshi kusema lolote. Inaweza kuwa bahati tu. Tuma faili la mchezo wa tano, nataka kuona huo mwisho.

#32 Tukuyu_Rhein

Ile tabia ya dakika tano bado ipo mkononi. Unacheza saa moja lakini mwisho unaharakisha, kwa sababu mwili umezoea kwamba mwisho ni mbio. Nimeona hivyo kwa watu watatu klabuni.

#33 Mpwa_wa_Baraza

Kwenye bao tungesema huyu sasa ana macho lakini hana kifua. Kifua kinakuja kwa kupishwa wewe, si kupisha. Tafuta wa kyu 12 uwafunge kidogo.

#34 MwalimuMstaafu

Nampinga Mpwa. Asitafute wa kumfunga. Goma ametuambia mwisho wake.

#35 Goma_Mtulivu

Nimecheza na wa Bukavu. Mawe manne, wa kuhesabiwa. Nimefungwa kwa alama tatu na nusu. Ngazi yangu haijabadilika. Tunacheza tena Jumapili umeme ukiwepo.

#36 Kimbi_na_Kichwa

Goma, hongera sana kaka. Mimi shemeji kalipiza, tusiongelee.

#37 Dada_Tsumego

KeteYaMwisho, nimekutumia mwaliko. Sasa wewe kyu 10, kwa hiyo mawe 8, siku mbili kwa kila jiwe, usiharakishe. Na nitakuwekea wazi, yeyote hapa aingie atazame, mwanamke kwa mwanamume, Unguja hadi Goma.

#38 Mpwa_wa_Baraza

Nakaa mbele.

#39 KeteYaMwisho

Nimeukubali. Mawe yangu manane yapo ubaoni, Dada ameweka jiwe lake la kwanza kona ya juu kulia, chini ya jiwe langu, karibu sana. Mhandisi usiseme kitu. Nina saa 47 na nataka nipaone mwenyewe.

#40 Sumbawanga_Moja

Zimebaki 61. Hilo jiwe la Dada nalielewa kwa nini liko hapo au bado ni mapema kwangu?